Mguu wa Zambarau

Ninyi mnaonipita mlangoni kila asubuhi mkiwa na mabegi matupu, mkirudi jioni yamevimba kwa nguo za soko la Zhanqian Road hapa Guangzhou, mmeshanizoea. Mnasema shikamoo Babu, naitika marahaba, mnakimbilia lifti. Lakini juzi mmoja wenu, kijana wa Mbeya mwenye ndevu za kuhesabika, alisimama akaniuliza: "Babu, eti enzi za mkoloni watu wakiumwa walikuwa wanatibiwaje? Au mlikuwa mnakufa tu?" Kabla sijafungua mdomo lifti ikafika, akaingia, mlango ukajifunga. Ndiyo maana nimeomba karatasi. Swali kama lile halijibiwi kwenye lifti.

Tulikuwa tunakufa, sikatai. Lakini hilo neno "tu" lifuteni. Hakuna aliyekufa "tu". Watu walibishana na kifo, wengine wakakishinda, na mimi nilikuwepo nimeshika beseni.

Nilikuwa dresa. Siku hizi mkisikia neno hilo mnafikiria meza yenye kioo. Kwetu dresa alikuwa mtu wa kufunga vidonda, kuchoma sindano, kunywesha watu dawa na kuwashika mikono daktari anapokata. Nilianza kazi hiyo kijana, miaka ya mwisho ya Mwingereza, kwenye hospitali ya shamba la mkonge upande wa Korogwe. Baada ya uhuru niliendelea serikalini mpaka nikastaafu. Hapa Guangzhou nililetwa na Monika, kitinda mimba wangu, yule mnayemjua kwa biashara ya sare za shule, ili nitolewe mtoto wa jicho. Nimetolewa, macho yote mawili, sasa naona hadi vumbi lililokaa juu ya feni. Nilitakiwa niwe nimesharudi nyumbani. Nimebaki kwa sababu ya mguu wa Monika, na kuueleza mguu huo lazima nianzie kwenye mkonge.

Hospitali za wakati ule zilikuwa na rangi ya ngozi. Ya wazungu ilikuwa juu kilimani, ina pangaboi na mashuka. Wahindi walikuwa na yao mjini. Sisi tulikuwa na banda la bati kando ya kiwanda, vitanda vya kamba, na mgonjwa wa kuhara kalala mguu kichwa na mwenye homa. Meneja alitujengea banda lile kwa sababu ile ile iliyomfanya ajenge karakana ya matrekta: kitu kikiharibika kitengenezwe, kirudi shambani. Siku nilipolielewa jambo hilo liliniuma sana, na bado linaniuma.

Dresa mkuu wetu aliitwa Kornelio. Mtu mfupi, kaptura yake imepigwa pasi mpaka ingeweza kusimama bila yeye. Kazi alijifunzia jeshini wakati wa vita vikuu. Nilipomweleza habari ya karakana alisema: "Kijana, wao waache watengeneze mashine zao. Ukivuka mlango huu, humu ndani tunatibu watu." Kisha akanituma nikachemshe sindano.

Dawa zenyewe zilikuwa chache, nikiwatajia mtacheka. Kwinini kwa homa. Haluli, ile dawa ya kuharisha, kwa tumbo, na pia kwa yeyote ambaye hatukujua anaumwa nini. Maji ya pamanganeti kuoshea vidonda, aidini kwa aliyejikata, sindano kwa buba. Baadaye ikaja penisilini, ambayo ilipofika kidogo tuiamkie. Watu walipenda sindano kuliko kitu chochote, na wala siwalaumu. Walishaona mtu aliyeliwa uso na buba kwa miaka anachomwa sindano na ngozi inarudi. Tangu hapo mwenye jino alitaka sindano, mwenye mafua alitaka sindano, hata aliyegombana na mkewe alipita kuulizia kama ipo ya hiyo.

Sindano hazikuwa hizi mnazotumia mara moja na kutupa. Ilikuwa ile ile, mtu kwa mtu, mwaka hadi mwaka. Tulizichemsha kwenye sufuria juu ya stovu, tukazinoa kwa jiwe. Kujua kama ncha imekaa sawa, unaipitisha taratibu kwenye pamba. Ikivuta nyuzi, noa tena, maana itamvuta mtu nyama. Kornelio alikuwa na sheria yake: dresa mpya anachomwa kwanza sindano aliyoinoa mwenyewe. Kwa hiyo tulinoa kwa moyo wote.

Kwinini ilikuwa chungu mno. Wagonjwa waliibana shavuni, wakaaga kwa heshima, wakaenda kuitema nyuma ya dirisha. Kornelio alikuwa akisema kwamba katika shamba lote lile walioponywa malaria vizuri zaidi ni kuku wa mpishi, maana ndio waliokuwa wakidonoa pale. Akaanza kumwambia kila anayemeza aseme jina lake, la baba yake, na la mto wa kwao. Mtu mwenye kidonge shavuni hawezi kulifikisha jina la mto.

Sasa nije kwenye zambarau.

Adui mkubwa wa mguu wa mkata mkonge alikuwa donda ndugu. Mwiba unakuchoma chini ya goti, jambo dogo kabisa, unalipuuza, na baada ya siku chache kidonda kinajichimbia na kutafuna hadi mfupa. Dawa yake kubwa ilikuwa kuoshwa kila siku na kulala, mguu juu. Kuoshwa tuliweza. Kulala ndiko kulikokuwa vita. Nyapara alipita asubuhi akikusanya watu kwa kipimo kimoja tu: anayesimama ni mzima. Aliwanyanyua wagonjwa wetu vitandani, akaondoka nao.

Kornelio akachukua jivii, ile dawa ya maji ya rangi ya zambarau mnayoijua kwa vidonda vya mdomoni vya watoto, akaanza kumpaka kila mwenye donda ndugu kuanzia juu ya kifundo hadi gotini. Kidonda chenyewe kikubwa kama kifuniko cha kikombe, rangi mguu mzima. Akamwendea meneja, akamwambia kwamba mguu wa zambarau ukionekana shambani, aliyeupeleka ndiye atakayejibu mtu akifa. Meneja alikubali, naona kwa sababu aliweza kuuona mguu kama huo bila kushuka garini. Jivii haitoki kwa kuoshwa siku moja. Nyapara akabaki kununa mlangoni.

Basi watu wakaamini kwamba kinachoponya ni rangi. Wakaja wenye vichwa kutaka kupakwa vichwa. Mmoja aligoma kabisa kuondoka, Kornelio akamdondoshea tone moja katikati ya paji la uso, akaenda zake amepona. Kisha ukafika msimu wa zambarau, na ghafla nusu ya kambi ikawa na donda ndugu. Waliponda matunda wakajisiliba miguu. Kornelio hakugombana na mtu. Aliwapanga kwenye benchi nje, akakaa nao akipiga soga. Nzi wakaja. Jivii haina utamu, nzi hawana habari nayo, lakini miguu ile mingine walishuka juu yake kama wamealikwa. Watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja kwa aibu.

Mmoja hakuinuka. Nzi walimjaa, na bado alikaa. Mimi nilikuwa nacheka. Kornelio alimsogelea, akamvuta kope la chini kwa kidole, akaniita nitazame. Ndani ya kope palikuwa peupe kama karatasi hii. Alikuwa na safura, minyoo imemfyonza damu mpaka hawezi kuinua panga, na hakujua aseme nini ili aaminiwe. Donda ndugu ndio ugonjwa pekee alioujua kuwa unakubalika. Alilazwa, akapewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, akapona. Nikaambiwa maneno ambayo nimeyatumia kazini kuliko dawa yoyote: "Usitazame kidonda peke yake. Tazama mtu anaficha nini."

Kwa hiyo nilipomwona binti yangu amevaa soksi ndani ya nyumba, katika joto hili la Guangzhou mnalolijua, nikajua kuna jambo.

"Monika, vua soksi."

"Aa, Baba, miguu inapata baridi ya kiyoyozi."

"Kiyoyozi kimezimwa tangu asubuhi."

Monika ana kisukari. Anameza vidonge vyake, hilo namsifu, lakini kutwa anazunguka maduka ya jumla kwa viatu vya kupendeza watu. Alivua soksi ananitazama pembeni. Chini ya kidole gumba palikuwa na shimo dogo, saizi ya kifungo cha shati, kingo zake nyeupe, na soksi imelowa.

"Hata hakiumi, Baba. Ndiyo maana sikusema."

Wanangu, mwenye kisukari akiwaambia kidonda hakiumi, msifurahi. Maana yake mishipa ya kusikia maumivu imekufa, anatembea juu ya kidonda kama vile anatembea juu ya mguu wa mtu mwingine.

Siku hiyo hiyo tulikwenda hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo, mikono myepesi, anasafisha kidonda bila kuikosa pembe hata moja. Kornelio angempenda. Walimpiga picha wakaona mfupa bado haujaguswa. Daktari akazungumza na simu yake, na simu ikatuambia kwa Kiswahili kilichonyooka: "Usikanyage. Weka mguu juu. Ukitembea utapoteza kidole. Ukiendelea kutembea utapoteza mguu." Nikamwinamia yule binti. Dawa zimebadilika, mashine zimekuja, na bado ilikuwa vita ile ile ya kumlaza mtu.

Tukiwa kwenye teksi Monika alianza. Shule zinakaribia kufunguliwa nyumbani. Mashati na sketi viko kwa mshonaji Zhanqian Road havijakaguliwa. Penseli na mabegi ya watoto hajamaliza kuyachagua soko la Yide Lu. Kontena lina siku yake ya kufungwa na halimsubiri mtu. Wenye maduka Korogwe na Muheza wanamtegemea.

"Laoban, huyo tajiri wa mashati, ukimwachia oda bila kuikagua, Baba, anakutilia mashati mkono mmoja mrefu mmoja mfupi. Ukimpigia simu umeshafika nyumbani anakwambia meiyou, hakuna, kwisha."

"Daktari amesemaje?"

"Nimemsikia. Lakini hapa si kwenye mkonge. Hapa hakuna nyapara wa kumkatalia. Nyapara ni mimi mwenyewe."

Asubuhi nilipotoka bafuni alikuwa ameshaondoka, na jioni bandeji ilirudi imeloa.

Niwaambie Kornelio aliipata wapi akili ya zambarau, maana haikumjia hivi hivi. Kulikuwa na kijana wa Kigoma aitwaye Ruhuza, mkataba wake unakaribia kwisha. Alipata donda ndugu. Huyu hakunyanyuliwa na nyapara, alijinyanyua mwenyewe. Tulimfunga bandeji jioni, asubuhi kitanda kitupu, kapita dirishani kwenda kukata mkonge, kwa sababu siku usiyofanya kazi haikuhesabiwa, na yeye alitaka kuzimaliza siku zake arudi kwao akaoe. Kornelio alimsihi, akamtukana, akamfichia viatu. Ruhuza akaenda peku. Mwishowe harufu ndiyo iliyotuambia. Tulimpandisha lori la shamba hadi hospitali ya wilaya, akarudi mguu umekatwa juu ya goti. Aliposhushwa alimuuliza Kornelio swali moja tu: "Mbona hukunizuia?" Kornelio aliingia stoo, na alipotoka alikuwa na chupa ya jivii mkononi.

Sasa binti yangu anakwenda njia ya Ruhuza, na mimi nimekaa kwenye kochi. Nikapiga moyo konde. Nikachukua kitenge cha Monika chenye maua ya zambarau, nikashuka hadi duka la dawa chini ya jengo letu, nikamwekea kidole muuzaji juu ya ua, kisha juu ya mguu wangu. Alifikiri kidogo, akacheka, akanitolea kichupa. Kumbe Wachina nao wanayo, ile ile, rangi ile ile. Nilikishika kile kichupa kama nimekutana na mtu wa kwetu.

Tulipokwenda kubadilisha bandeji nilimwonyesha daktari kabla sijafanya lolote. Kazi ina adabu yake. Simu ikasema: "Dawa hii haitibu kidonda hiki." Nikaiambia simu imjibu: "Najua, daktari. Hii si ya kidonda. Hii ni ya watu waione." Aliisoma mara ya pili, akacheka akiziba mdomo, akaonyesha kwa kidole: kidonda usikiguse, huku juu kwenye ngozi nzima ruksa.

Nilimpaka mwanangu kwenye sebule yetu baada ya chakula cha mchana, kwa pamba, kuanzia juu ya bandeji hadi gotini.

"Baba, utaniaibisha."

"Ndiyo nia yangu."

Kesho yake Monika akavaa suruali ndefu, akaenda zake Zhanqian Road. Manamba wa Kornelio, wale wakata mkonge wa mkataba, walivaa kaptura! Umri wangu wote huu, na sikuifikiria suruali. Nilishuka nikakaa kwenye kiti changu pale mlangoni nikiwa na hasira ya kuuma meno, na hapo ndipo Bi Zuhura akatokea. Zuhura wa Dar es Salaam mnamjua, tunakaa naye ghorofa moja. Akaniuliza mbona Babu leo uso umekunjamana hivyo. Nikamwaga yote.

"Haa! Da Monika? Mbona jana nimemwona anachechemea, akanambia kiatu kipya! Ngoja nimshughulikie." Akatoa simu, akalitumia kundi zima la WhatsApp la wafanyabiashara ujumbe wa sauti: "Jamani, ukimkuta Da Monika sokoni, mwambie akunje suruali. Mguu ukiwa zambarau mrudishe nyumbani. Amri ya Babu Dresa. Asikudanganye, mrembo yule."

Mchana haujafika Monika alirudi, mlango ukagonga ukuta. Alisimamishwa na kila Mtanzania. Brayo, yule kijana wa Nairobi anayesafirisha mizigo, alimkunjia suruali mwenyewe mbele za watu. "Hata laoban! Laoban wa mashati, Baba, hajui neno la Kiswahili, ananionyesha mguu kwa kidole!" Mimi nikacheka. Ndipo akakaa chini akalia, na kicheko kikaniishia.

"Sawa, mmenirudisha. Na mzigo ataukagua nani? Nikikosa msimu huu, wale wenye maduka wananikimbia. Mguu utapona halafu nitasimama nao wapi?"

Kilio hicho ndicho kilichonikumbusha nusu ya kazi ya Kornelio ambayo nilikuwa nimeisahau kwa miaka mingi. Niliisahau kwa sababu haikufanyika hospitalini, na sisi watu wa hospitali tunapenda kudhani mtu hupona mikononi mwetu. Zambarau mwanzoni ilishindwa. Iliwazuia manyapara, lakini wagonjwa waliendelea kutoroka na miguu yao ya rangi, kwa sababu siku zao zilikuwa zinapotea. Kornelio akaenda kambini na chupa yake mkononi, akawakuta wanapika, akawaambia: "Mwenzenu akiwa zambarau, mkonge wake ni wenu. Mkishindwa hilo, nileteeni msumeno nimkate leo." Watu wa Kigoma, wa Songea, wa Njombe, ambao kwa kawaida hata jiko hawakuchangia, wakaanza kukata kidogo zaidi ya sehemu yao na kutupia kwenye fungu la mgonjwa. Nyapara aliona, akaangalia pembeni. Kuanzia hapo wagonjwa walilala. Kornelio akaniambia: "Unayemlazimisha kupakwa, huyo bado ni mfungwa wako. Atakapokuja mwenyewe kutaka apakwe, ndipo umempata."

Basi nikamwita Zuhura, nikamwita Brayo, nikawaketisha sebuleni na mguu wa zambarau katikati yetu juu ya stuli. Sikuzunguka. Niliwaambia huu mguu ni wenu, gawaneni kazi zake.

"Yide Lu naichukua mimi," akasema Zuhura. "Penseli, mabegi, vifutio, nipe sampo tu na rangi unazotaka. Wale wananijua, hawanichezei."

"Container niachie mimi, Guka," akasema Brayo, ambaye kwao babu ni guka na mama ni mathee. "Hiyo kitu haifungwi kama sijaiona na macho yangu. Mathee apumzike, asijistress."

"Na mashati?" Monika akauliza. "Mashati yanataka mtu wa kukaa, ageuze moja moja. Ninyi nyote mna mizigo yenu. Nani ana muda huo?"

"Mimi," nikasema.

"Baba, una zaidi ya miaka themanini."

"Na macho mapya. Uliyagharamia ya nini, nitazame feni?"

Hivyo ndivyo mlivyoniona Zhanqian Road, na najua mlinipiga picha mkatumiana. Nilipewa kiti cha plastiki, nikageuza mashati nje ndani, mshono kwa mshono. Mfukoni nilikuwa na pamba. Nilipitisha pamba juu ya vifungo na mishono, na palipovuta nyuzi nikasimama kutazama. Kwenye robota moja kola zilikuwa na ncha kali za uzi wa plastiki, zingewachubua watoto shingo. Nikaliweka kando. Laoban akaja na tabasamu: "Mei wenti, mei wenti," yaani hakuna shida. Mimi Kichina changu ni cha siku chache, lakini hilo Zuhura alikuwa amenifundisha kulijibu. "You wenti," nikamwambia. Shida ipo. Akapaza sauti, nikakaa. Akapaza tena, nikaomba maji ya kunywa. Nimewahi kukaa na watu waliotakiwa kukatwa vidole, sikuona sababu ya kumkimbia mtu wa mashati. Mwishowe alichukua lile robota akalibadilisha, akaniletea chai badala ya maji, akauliza kwa ishara habari za mguu.

Jioni miguu yangu ilikuwa imevimba, sitawadanganya. Nilirudi tena siku iliyofuata, na iliyofuata, mpaka shati la mwisho. Zuhura alileta mizigo ya Yide Lu na kelele zake zote. Brayo alisimama na kontena likafungwa, akatutumia picha ya kufuli.

Monika muda wote huo alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya mito, anatuendesha kwa simu kama jenerali. Nyapara hajatoka ndani yake, na sidhani atatoka. Lakini alilala. Kila tulipokwenda kwa daktari alikipima kidonda, akatuonyesha kingo: weupe umeondoka, nyama nyekundu inapanda kutoka chini. Hajasema kimepona. Amesema kidole kinabaki, na kwamba hata kikiziba, Monika ataangalia nyayo zake kila siku ya maisha yake na kuvaa viatu vya mtu mwenye akili. Kwa hiyo vita haijaisha, nami tiketi nimeisogeza mbele tena.

Kijana wa Mbeya, nadhani sasa umenielewa. Ulitaka kujua walikuwa wanatibiwaje. Kwa kwinini, kwa haluli, kwa sindano ya kunolewa, ndani ya banda la bati tulilojengewa na watu waliotuhesabu pamoja na matrekta. Dawa zile zimepitwa, na afadhali zipitwe, msiende kuzitafuta. Ila ninyi mna kisukari na presha mnavyovibeba humo kwenye mabegi kimyakimya, mnagawana dozi nusu nusu, mnasema mtapima mkirudi nyumbani, halafu msimu mwingine unaanza. Kesho mkipita pale mlangoni nitawasimamisha. Mtavua soksi, na lifti itasubiri.

Jana, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa nimesinzia kwenye kochi. Nikahisi uzito juu ya goti langu. Nilipofumbua macho ulikuwa mguu wa Monika, suruali ameshaikunja mwenyewe, na rangi imebaki kivuli tu.

"Baba," akasema, "imefifia. Paka tena."

Nikakitikisa kichupa, nikachukua pamba, nikaanzia juu ya bandeji.